Kuipitisha Nyota Katika Mwanya

Ndugu msomaji, katika ukurasa huu tumezoea kupeana maarifa ya nyumbani: jinsi ya kuhifadhi maharage yasibunguliwe, jinsi ya kumlisha mtoto aliyeachishwa ziwa, jinsi ya kuishi kwa heshima na subira wakati mwenzi wako yuko kazini mbali. Leo naomba ruhusa yako nizungumze habari ya nyota. Usidhani kwamba nimeyaacha ya nyumbani nikakimbilia ya mbinguni. Habari yenyewe ilitendeka katika uwanja wa nyumba yangu, baina ya jiko na kamba ya kuanikia nguo, na chanzo chake kilikuwa mtoto, kama yalivyo mambo mengi ya nyumbani.

Makazi yangu ni Butare. Wengi wakilisikia jina hilo huufikiria ule mji wa chuo kikuu ulioko Huye. Butare yangu ni nyingine: ni kata ya vilima katika wilaya ya Rusizi, katika sehemu ambayo wazee bado huiita Cyangugu. Mashariki yetu umesimama msitu wa Nyungwe, na wilaya yetu inapakana na Kongo na Burundi, ndiyo sababu Kiswahili kwetu ni lugha ya soko na ya ujirani. Mimi ni mwalimu wa sayansi. Mume wangu ni askari, na katika mwaka 2023 alikuwa kazini katika Jamhuri ya Afrika ya Kati. Simu yake ilikuwa ikija siku ya Jumapili, mtandao ukikubali.

Mwaka huo binti yetu alifanya mtihani wa kumaliza miaka mitatu ya kwanza ya sekondari, na ilimpasa aamue masomo atakayoendelea nayo. Tangu utotoni alikuwa hodari wa hesabu. Hata hivyo alitamka waziwazi kwamba fizikia hataigusa tena. Nilipomwuliza sababu, alinijibu kwa adabu, lakini jibu lenyewe lilinipa kazi.

"Mama," alisema, "kitabu kinasema nyota zimeumbwa kwa haidrojeni. Nani alikwenda huko akaionja? Sisi tunakariri tu maneno ya watu."

Ningeweza kumjibu kwa kumfungulia kitabu kingine. Lakini mtoto anayelalamika kwamba analishwa vitabu haponi kwa kuongezewa kitabu. Swali lake lilikuwa la haki, nalo lilistahili jibu ambalo angeliona kwa macho yake na kulipima kwa mkono wake. Nilijua pia kwamba nisipolijibu kabla ya likizo kwisha, kijana mwenye akili angeiacha njia yake kwa sababu tu hakuna mtu aliyempa hoja.

CHUMVI YA JIKONI

Swali la binti yangu si geni. Mwaka 1835 mwanafalsafa wa Kifaransa, Auguste Comte, aliandika kwamba binadamu ataweza kupima umbali wa nyota na mienendo yake, lakini kamwe hataweza kujua zimeumbwa kwa vitu gani. Ilionekana kuwa kauli ya busara, kwani nyota haichotwi kwa kijiko. Haikutimia miaka 25, Wajerumani wawili, Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen, wakiwa Heidelberg, wakaonyesha njia ya kuionja nyota bila ya kuigusa.

Njia hiyo unaweza kuianza jikoni. Tia chembe chache za chumvi katika mwali wa moto. Utaona mwali umegeuka manjano. Hiyo ni rangi ya sodiamu, iliyomo katika chumvi. Kila elementi ikipata moto mkali hutoa rangi zake yenyewe, kama vile kila kikosi kinavyojulikana kwa beji yake. Kadhalika, mvuke wa elementi hiyo ukikaa mbele ya nuru kali zaidi, huzinyang'anya nuru rangi zilezile, na mahali pake hubaki mistari myeusi. Mjerumani mwingine, Joseph Fraunhofer, alikuwa ameiona mistari hiyo kwa mamia katika nuru ya jua tangu mwaka 1814, ila hakujua maana yake. Kirchhoff na Bunsen ndio waliomtafsiria.

Basi jibu la swali la mtoto lipo ndani ya nuru yenyewe. Nyota huja kwetu kila usiku na hati yake mkononi. Kazi iliyobaki ni kuisoma, na ugumu wa kuisoma uko mahali pamoja: mlangoni.

TUNDU LA SINDANO

Katika mwezi wa Agosti rafiki yangu mmoja niliyesoma naye, ambaye anafanya kazi Kigali, alitupitia njiani akiwa na darubini yake. Kioo chake kina kipenyo cha milimita 200, na nuru hukusanywa mwendo wa milimita 1,000 kutoka kiooni. Pamoja nayo alikuwa na chombo kidogo, kiasi cha kopo la maziwa, kiitwacho spektografu. Alituachia kwa usiku tatu, akaahidi kuvichukua asubuhi ya nne.

Ndani ya spektografu mna vitu vinne. Kwanza ni mwanya, yaani ufa mwembamba ulionyooka, uliokatwa katika bamba linalong'aa. Pili ni lenzi inayoinyoosha nuru iliyopita mwanyani. Tatu ni kioo kilichochorwa mistari myembamba mno, mamia katika kila milimita, ambacho huitawanya nuru iwe utepe wa rangi kuanzia nyekundu hadi zambarau. Nne ni kamera ya kuupiga picha utepe huo.

Binti yangu aliuliza mara moja: mwanya wa nini? Kwa nini tusiifungulie nyota mlango wote, ili nuru iingie tele? Nalo hilo lilikuwa swali la haki. Jibu ni kwamba utepe wa rangi ni picha ya mwanya iliyorudiwa kwa kila rangi, moja kando ya nyingine. Mwanya ukiwa mpana, picha hizo hupandana, nyekundu juu ya nyekundu iliyo jirani yake, na mstari mweusi uliokuwa katikati hufunikwa usionekane. Mwanya ukiwa mwembamba, kila rangi hukaa mahali pake na mstari hutokea wazi. Lakini ukiubana kupita kiasi, nuru nayo hupungua hata kamera isiambulie kitu. Hapo ndipo penye busara ya kazi: kukubali kupoteza nuru nyingi ili ile kidogo iliyopita iseme kweli.

Mwanya wetu ulikuwa na upana wa maikromita 25, karibu theluthi moja ya unene wa unywele. Wanawake wenzangu mnaotunga uzi kwenye sindano kwa taa ya kibatari mtanielewa. Tofauti ni kwamba sindano hii imekazwa mwisho wa darubini, na uzi wenyewe ni nyota.

SHABAHA INAYOTEMBEA

Kwa ndugu zetu askari nitalisema jambo hili kwa lugha ya uwanja wa shabaha. Mwanya wa maikromita 25 mbele ya darubini ya mita moja ni sawa na kulenga ufa wa sentimita mbili na nusu ulio umbali wa kilomita moja. Ukiuchukua mwezi mpevu ukaugawa kwa upana wake katika vipande 350, kipande kimoja ndicho kipimo cha mwanya wetu. Tena shabaha haitulii. Kwa kuwa dunia yajizungusha, nyota iliyo juu ya ikweta hutembea angani kwa kasi ambayo, kwa umbali ule wa kilomita moja, ingekuwa sentimita saba kila sekunde. Mtambo ukisimama, nyota huukata mwanya katika theluthi moja ya sekunde, ikaenda zake.

Ndiyo sababu darubini hukalishwa juu ya mhimili unaozungushwa na mota, ili iifuate nyota kwa mwendo uleule wa dunia. Mhimili huo hapana budi uelekezwe sawasawa na mhimili wa dunia. Watu wa Ulaya wanayo nyota ya kaskazini ya kuwaongoza, nayo huonekana juu angani kwao. Sisi wa Rusizi tuko karibu digrii mbili na nusu kusini ya ikweta. Nyota ile ya kaskazini kwetu imezama chini ya upeo. Ncha ya kusini nayo iko digrii mbili na nusu tu juu ya upeo, nyuma ya vilima, na nyota iliyo karibu nayo ni hafifu hata ingekuwa wazi isingesaidia.

Aidha, kitako cha darubini kilitengenezwa kwa ajili ya watu wa mbali. Mhimili wake haukukubali kulala chini kiasi kile tulichokihitaji. Tuliuinua mguu wa kaskazini kwa matofali mawili, tukaning'iniza mfuko wa mchanga katikati ili kisipinduke. Kisha tukatumia njia ya wasio na nyota ya kuwaongoza: unaichagua nyota moja iliyo juu kichwani na nyingine iliyo chini mashariki, unaitazama kila moja kwa dakika kadhaa, na kwa jinsi inavyoteleza, kupanda au kushuka, unajua mhimili umekosea upande gani. Unausogeza kidogo, unatazama tena. Usiku wa kwanza, wa tarehe 14, uliishia hapo. Ilipofika saa sita tulikuwa hatujaona utepe hata mmoja wa rangi, lakini nyota ilikuwa ikikaa mahali pake dakika tano bila ya kuteleza. Binti yangu alikwenda kulala bila ya kusema neno.

DORIA

Usiku wa pili mawingu yalishuka kutoka Nyungwe mapema. Yalipofunguka ilikuwa saa mbili na nusu, na tulichokipata ni Antares, ile nyota nyekundu katika kifua cha Nge, ikielekea kushuka kusini-magharibi. Tulikuwa tumeinama, darubini ikitazama upande wa mpakani, na tochi yetu tumeifunga kitambaa chekundu ili macho yasipoteze mazoea ya giza.

Hebu jiweke katika nafasi ya mlinzi wa usiku. Uko katika wilaya ya mpakani. Unapanda njia ya kilimani, unaona taa nyekundu, watu wawili wameinama, na bomba nene juu ya miguu mitatu limeelekezwa nje ya nchi. Mwenyekiti wa kijiji chetu nilikuwa nimemwarifu mapema, lakini doria ile, tunayoiita irondo, ilikuwa imetoka kijiji jirani, na pamoja nao alikuwamo askari mmoja.

"Simameni hapo hapo. Msiguse kitu," sauti ilisema, na tochi kali ikatumulika.

Nilimwambia mwanangu asimame wima, mikono ionekane, nami nikafanya vivyo hivyo. Nikajitaja jina langu, kazi yangu na jina la mwenyekiti. Niliongea polepole, kwa maana mke wa askari anajua kwamba aliyeshika zamu usiku anatimiza wajibu kwa ajili ya wote, na maneno ya haraka humtia shaka. Walikagua, wakapiga simu kwa mwenyekiti, wakaridhika. Askari yule akaomba kutazama.

Alitazama kwa muda. Kisha alimwona binti yangu akijaribu kuirudisha nyota mwanyani kwa vile vibonye vinavyoisogeza darubini. Kila alipobonyeza, nyota ilivuka mwanya upande wa pili. Akibonyeza kuirudisha, ikavuka tena.

"Binti," alisema, "usiikimbize. Gusa, uache. Ngoja chombo kitulie, tazama kimefika wapi, ndipo uguse tena. Na unapogusa usishike pumzi kama mtu anayezama. Toa pumzi nusu, kisha gusa."

"Ndiyo, Afande," alijibu.

Mawingu yaliturudia baada ya dakika kumi. Walituaga, wakaendelea na njia yao. Usiku wa pili nao ukapita.

INAPOTOWEKA NDIPO IMEINGIA

Jumatano, tarehe 16, palikuwa hapana mwezi. Ulikuwa usiku wetu wa mwisho, na nyumba nzima ilihusika. Mama mkwe wangu alikubali chakula kipikwe kabla ya jua kuzama na makaa yazimwe kwa maji, kwa sababu hewa ya moto ikipanda kutoka jikoni huifanya nyota itetemeke kama sarafu iliyo chini ya maji ya mto. Mdogo wake binti yangu, mwenye umri wa miaka tisa, alipewa cheo cha mtunza taa. Mimi nilikaa kwenye kompyuta ndogo, ambako huonekana picha ya bamba lenye mwanya. Binti yangu alishika vibonye.

Tuliichagua Vega. Jina lake limetokana na maneno ya Kiarabu yenye maana ya tai anayetua. Mnamo saa tatu na dakika chache usiku ilikuwa imefika juu kabisa ya njia yake, upande wa kaskazini, kiasi cha nusu ya mbingu. Wakati huo tuliungoja kwa makusudi. Hewa ya dunia huipinda nuru, na huipinda ya buluu zaidi ya nyekundu. Nyota iliyo chini karibu na upeo hufika kwetu imekwisha kupasuka kidogo, buluu juu na nyekundu chini. Mwanya uliolala kando ukiipokea nyekundu, buluu hupita nje, na hati ya nyota hupotoshwa bila ya msomaji kujua. Mwaka 1982 mwanaastronomia wa Marekani, Alexei Filippenko, aliwaandikia wenzake makala ya kuwakumbusha hatari hiyo. Dawa ni mbili: ingoja nyota ipande juu, na usimamishe mwanya wima kuelekea upeo ili rangi zote ziingie pamoja. Sisi tulitumia zote mbili.

Kwanza darubini ndogo ya kulengea, kisha picha ya bamba. Vega ilitokea kama tone la maziwa, ikirukaruka, na kando yake mstari mweusi wa mwanya.

"Kushoto," nilisema.

Alitoa pumzi, akagusa, akaacha. Nyota ilisogea, ikatulia.

"Kushoto tena. Kidogo zaidi ya hapo. Simama."

Sasa, ndugu msomaji, lipo jambo moja lililomshangaza mwanangu, na hata mimi niliyelisoma zamani lilinigusa nilipoliona. Nuru inayokosa mwanya hurudishwa na bamba linalong'aa, ikaonekana katika picha. Nuru inayoingia haionekani tena, maana imekwenda ndani. Kwa hiyo kadiri unavyofaulu, ndivyo nyota inavyofifia machoni pako. Ilipoingia sawasawa, Vega yote iling'ooka kwenye kioo. Pakabaki vijukope viwili vya nuru, kimoja kulia na kimoja kushoto mwa mwanya, vilivyolingana.

"Mama, imepotea!" alisema kwa hofu.

"Haikupotea. Imeingia. Ishike hapo hapo."

Akaishika. Kijukope cha kulia kikinenepa, aligusa. Cha kushoto kikinenepa, aligusa. Kamera ilipiga picha za sekunde tano tano, mara 40. Mtunza taa alihesabu kwa sauti ya chini. Dakika tatu na ushei, na sikumbuki kwamba kuna mtu aliyekohoa.

HATI YASOMWA

Baadaye mtunza taa aliwasha mbele ya darubini taa ile ya kuokoa umeme, yenye zebaki ndani yake. Zebaki ina mistari yake inayojulikana: mmoja wa kijani katika nanomita 546.1, mwingine wa zambarau katika nanomita 435.8. Mistari hiyo ndiyo rula yetu. Ukijua iko wapi katika picha, waweza kupima mstari wowote mwingine.

Utepe wa Vega ulikuwa na rangi zote, na juu yake mistari michache myeusi, mipana, iliyokaa kwa mpango: mmoja katika nyekundu, mmoja katika buluu inayokaribia kijani, mwingine kando kidogo tu ya ule mstari wa zambarau wa zebaki, halafu mingine ikizidi kukaribiana kuelekea mwisho. Sikumwambia ni mistari gani. Nilimpa rula, karatasi na kalamu. Alipima, akafuta, akapima tena. Akaandika 486 kwa mstari wa buluu na 434 kwa ule wa zambarau. Ndipo nilipomfungulia jedwali la haidrojeni, lililopimwa katika maabara hapa hapa duniani: 656.3, 486.1, 434.0.

Alinyamaza. Kisha akaniuliza nuru ile iliondoka lini huko ilikotoka. Nikamwambia Vega iko umbali wa miaka 25 ya mwendo wa nuru, kwa hiyo iliondoka kama mwaka 1998, yeye akiwa bado miaka kumi kabla ya kuzaliwa. Aliandika nalo hilo katika karatasi yake.

Nilimsimulia pia habari ya Cecilia Payne, kijana wa Kiingereza aliyehamia Marekani. Mwaka 1925, akiwa na umri wa miaka 25, alieleza katika tasnifu yake ya udaktari kwamba tofauti za mistari katika nyota hutokana zaidi na joto lao, na kwamba haidrojeni ndiyo iliyo nyingi kupita zote. Mkubwa mmoja wa elimu hiyo, Henry Norris Russell, hakukubali, na Payne akalazimika kuandika kwamba hesabu yake ya haidrojeni huenda si ya kweli. Mwaka 1929 Russell mwenyewe, kwa njia nyingine, alifika palepale alipokuwa amefika binti yule, akakiri. Kwa hiyo hata wale waliotuandikia vitabu hawakukubaliana mpaka nuru ilipopimwa tena na tena.

WAKUBWA NAO HUPENYEZA

Usidhani taabu hii ni ya wenye vyombo vidogo tu. Huko Sutherland, Afrika Kusini, iko darubini kubwa iitwayo SALT, iliyozinduliwa Novemba 2005. Kioo chake kimeungwa kwa vipande 91, na upana wake ni kama mita 11. Spektografu yake yaitwa kwa jina la Robert Stobie, aliyeongoza kituo cha unajimu cha nchi hiyo na kufariki mwaka 2002. Kila usiku wapo watu wa zamu, mwanaastronomia na mwendeshaji wa mtambo, na kazi yao kubwa ni hiyo hiyo: kuitambua nyota inayotakiwa kati ya jirani zake, kuipeleka mwanyani na kuishika.

Tarehe 17 Agosti 2017 wanaastronomia walipata habari za nyota mbili zilizogongana katika galaksi iitwayo NGC 4993. Kesho yake jioni SALT iliitafuta. Shabaha ilikuwa chini magharibi, mwanga wa machweo haujaisha vizuri, na muda ulikuwa mfupi kabla haijazama. Waliiweka mwanyani, na darubini hiyo ya Afrika ikawa miongoni mwa za kwanza duniani kuupata utepe wa rangi wa mlipuko ule. Mlipuko wa aina hiyo, siku zilivyopita, haurudii kukuonyesha kile ulichokikosa. Kwetu Afrika ya Mashariki pia, katika vilima vya Entoto juu ya Addis Ababa, zimejengwa darubini mbili zenye vioo vya mita moja moja. Vijana wa huko nao wanajifunza kugusa na kuacha.

Jumapili ile mume wangu alipopiga simu, binti yake alimweleza yote kwa pumzi moja. Baba yake, ambaye amefundisha wengi kulenga shabaha, aliuliza jambo moja tu: mwanya ulikuwa na upana gani kwa umbali wa kilomita? Alipoambiwa sentimita mbili na nusu, na shabaha inatembea, alicheka. "Mwanangu," alisema, "hapo hata mimi ningeomba muda wa kufikiri."

Binti yangu amechagua fizikia na hesabu. Sikumshurutisha. Darubini ilikwisha kuondoka siku nyingi. Kilichobaki nyumbani ni kisanduku alichokitengeneza mwenyewe kwa nyembe mbili zilizokaribishwa makali yake na kipande cha santuri ya kompyuta, ambacho kwacho watoto wa jirani huja kuzitazama taa, kila aina na rangi zake. Nimewakataza kabisa kukielekeza kwenye jua, maana jua halisamehi macho, na nawe uwakataze wako.

Ndugu zangu wazazi, hasa ninyi ambao mmoja wenu yuko lindoni na mwingine amebaki na watoto, maswali magumu mara nyingi huja wakati aliye nyumbani ni mmoja na amechoka. Mtoto akikuuliza nani alikwenda mbinguni kuonja, usimkemee, wala usimwambie kwamba ndivyo ilivyoandikwa. Mwite jikoni, utie chumvi katika moto, umwonyeshe rangi, kisha mwache aulize la pili.